Barabara mpya ya Kibombo–Kindu, na njia ya kwa Ngelo iliyofungwa kwa majani

Wakuu wa barza, habari za masiku. Wa Kindu, wa Kibombo, wa Kasongo, na hasa nyinyi wa Kirundu kule chini ya mto, nawasalimu wote.

Karatasi hii inashuka na mitumbwi ya Wagenya, watu wa mto. Kila barza itakapofika, asiyejua kusoma asomewe, na mwenye neno aliandike chini ya langu, kisha aipitishe mbele.

Mnanijua. Mimi ndiye yule muuza chumvi wa pale kivukoni Kindu, ambaye hata mvua ikianza kunyesha anaiuliza bei ya mwisho. Chumvi nauza, lakini humu sikutia hata punje. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, na niliyoambiwa nitamtaja aliyeniambia.

Ni ndefu kidogo. Anayechoka apumzike, karatasi haikimbii.

Kwanza niwaeleze barabara yenyewe, maana wengi mnaisikia tu.

Lualaba mnaijua. Kutoka Kasongo mtumbwi unateremka vizuri mpaka Kibombo. Hapo maji yanaharibika, ni mawe na maporomoko mpaka unakaribia Kindu. Kindu mto unatulia tena, mitumbwi inapakia na kushuka hadi kwenu Kirundu.

Kwa hiyo kati ya Kibombo na Kindu, mto ni vichwa vya watu. Pembe zinapita juu ya vichwa. Mpira unapita juu ya vichwa. Vitambaa, risasi na chumvi yangu vinapanda juu ya vichwa vile vile.

Zamani, wakati wa Waungwana, wafanyabiashara wa kutoka pwani, palikuwa na njia ya miguu tu, inazungukazunguka kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Msidhani naisifu zamani. Zamani ilikuwa na minyororo yake, na mimi niliisikia ikilia. Ila njia ile ilipita palipo na watu, na palipo na watu palikuwa na soko.

Serikali ilipokuja ikasema inataka barabara. Iwe pana, watu wanne wapite bega kwa bega. Wakuu, nimekaa kando ya barabara ile mvua na kiangazi, sijaona wanne wanaopita bega kwa bega. Wanapita mmoja mmoja kama zamani, tofauti ni kwamba sasa miti imekatwa na jua linawapiga wote.

Kila kijiji kilipewa kipande chake cha kufyeka na kijito chake cha kulaza magogo. Kisha zikajengwa kambi za wapagazi kulala, na kijiji kilicho karibu ndicho kinalisha kambi. Hata watu wa Tunda, walio mbali kule upande wa machweo, waliambiwa walete mihogo na mpunga.

Watu walidhani barabara inakula miti. Inakula mihogo. Na mihogo ikiisha, inakula wanaoilima, kwa sababu mzigo hautembei wenyewe.

Ndiyo maana vijiji vilianza kuhama. Ukipita leo unakuta moshi, ukirudi unakuta majivu na mgomba mmoja. Wenyewe wameingia msituni.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Mke wangu Mwavita ni mtu wa kwa Ngelo, kijiji kidogo kati ya Kibombo na Kindu, kando kidogo ya njia ya zamani. Mama yake tunamwita Mama Amisi, kwa jina la kaka yake Mwavita. Amisi ni shemeji yangu, mkono wake wa nguvu ni wa kushoto, na ni mtu wa kucheka kabla hajasema. Ukimuuliza hali, anacheka kwanza, halafu ndiyo anakuambia kwamba anaumwa.

Barabara ilipoanza, kapita wa Serikali, msimamizi wa kazi, alikuja kutafuta wapagazi. Kapita huyu alikuwa mtu wa kule chini kabisa ya mto, Kiswahili chake cha kuokota. Amisi akachukuliwa. Mzigo wake ulikuwa wa kupanda Kasongo, na kutoka Kasongo kuelekea ziwani, huko ambako wengi huenda na wachache huonekana tena.

Nilikuwepo asubuhi ile. Amisi alicheka kwanza. Kisha akamwambia mama yake:

"Mama, usihame. Mi nitarudia njia hii hii. Nikute wewe hapa."

"Nitakuwa hapa," mama akasema.

Hayo tu. Mzigo ukapanda kichwani, wakaenda.

Kiangazi kilichofuata tukasikia kapita anapima barabara kutoka Kibombo na mstari wake unakuja moja kwa moja kwa Ngelo. Maana yake mlikwisha kuijua: kambi itakaa pale, na kijiji kitakuwa jiko la kila anayepita.

Wazee wa kijiji wakasema tuhame, msitu ni mkubwa. Watu wakaanza kufunga mikeka.

Mama Amisi hakufunga kitu. Aliendelea kuloweka mihogo yake.

Mukubwa wa kijiji akaja kumbembeleza. "Mama, wote tunaenda. Utabaki na nani?"

"Mutoto wangu alisema atanikuta hapa. Nikihama, atanikuta wapi? Ataulizia nani, miti?"

"Na kapita akikukuta yeye wa kwanza?"

"Basi kapita asifike."

Akachukua panga lake akatoka.

Hapa ngoja niwaeleze jambo la majani, kwa ajili ya wageni watakaosomewa karatasi hii.

Kwetu msafara ukifika panda ya njia, kirongozi anakata tawi analilaza juu ya njia isiyofaa. Walio nyuma, hata wawe wamebaki nusu siku, wakiona tawi hawaulizi. Wanashika njia nyingine. Kijiji chenye ndui kinafanya vile vile kwenye mlango wake, ila matawi yanakuwa mengi na yamefungwa pamoja.

Na ukipita ukakuta yamekauka, unaongeza tawi lako bichi juu, ili anayekuja nyuma asifikiri ni takataka za upepo.

Hakuna askari anayesimamia jambo hilo. Sijasikia mtu aliyepigwa kwa kuyavuka. Na hakuna anayeyavuka.

Basi Mama Amisi na wanawake wa kwa Ngelo, walioacha mikeka yao wakamfuata, walifunga njia kana kwamba kuna ndui. Walikata matawi wakayapanga mpaka kiunoni, wakayafunga kwa kamba za magome. Mtu mwingine asingeyatazama mara ya pili. Mimi niliyatazama, kwa sababu ndivyo nilivyo, na nikaona mafundo.

Mama Amisi ana fundo lake. Ndilo alilofungia matita ya kuni maisha yake yote. Anazungusha kamba, anaizungusha tena, kisha ncha anaificha ndani, huoni ilipoanzia wala ilipoishia. Alimfundisha Amisi tangu utotoni, na kwa kuwa Amisi ni wa mkono wa kushoto, la Amisi hulala upande mwingine.

Kwetu mkwe haangaliwi usoni. Nikiongea naye nakaa nimempa mgongo, Mwavita katikati yetu. Nikasema kwa mgongo wangu:

"Mwavita, muulize mama. Na Amisi akirudi, akikuta njia imefungwa?"

Mama hakungoja aulizwe. "Ataona fundo yangu. Atajua njo mimi mwenyewe, niko."

Lilionekana neno la akili. Hata sasa naliona ni la akili, na hapo ndipo panaponiuma.

Kapita alifika. Mimi nilikuwa na watu wake siku ile, nawauzia chumvi, maana wafyekaji hununua bila kubishana, wamechoka. Tukafika kwenye majani. Wafyekaji wote wakasimama kama mtu mmoja.

"Nini iko hapa?" kapita akauliza.

"Ndui, kapita."

"Nani anasema?"

"Majani."

"Majani inasema?" Akacheka, akageuka. Hakuna aliyecheka naye. Akanitazama mimi. "Wee mutu ya chumvi. Wee unajua kila kintu. Ingia, uangalie."

Nikamwambia, "Kapita, mimi napunguza bei ya kila kitu. Ndui sijui bei yake. Hata ukinipa barabara yako yote na magogo yake, siingii."

Akatoka jasho kidogo. Akajipapasa shavu. Lilikuwa shavu laini, halijawahi kuguswa na ndui, na nadhani alitaka libaki hivyo. Akaelekeza fimbo upande wa kijito.

"Tunapita kule."

Ndiyo maana, wakuu, ukitoka Kibombo kuja Kindu, ukikaribia kijito chenye magogo mawili, barabara inapinda ghafla bila kilima, bila bwawa, bila sababu. Wageni huuliza kwa nini. Wenye Serikali waliichora kona ile kwenye ramani yao kama ilivyo. Kona ile ni ya Mama Amisi.

Kambi ikajengwa mbele ya kona. Kwa Ngelo kukabaki nyuma ya majani, watu wanapika kwa kuni kavu ili moshi usionekane, jogoo wote wamechinjwa, watoto wanakatazwa kulia. Niliwahi kula pale mchana mzima bila kusikia sauti ya mtu. Ukiwa mkwe unazoea kunyamazishwa, lakini si na kijiji kizima.

Na barabara ikaanza kazi yake nyingine, ambayo hakuna aliyeifikiria.

Barabara haibebi mizigo tu. Inabeba maneno, na maneno hayahitaji kulishwa kambini. Wafyekaji walisema Kibombo kwamba kwa Ngelo kuna ndui. Wapagazi wa Kibombo wakasema Kasongo kwamba kwa Ngelo watu wamekwisha. Nilipoyasikia tena Kindu kutoka kwa mtu wa Kasongo, kijiji kilikuwa kimezikwa na mtu wa mwisho alikufa ameegemea mlango.

"Nani alimwona?" nikamuuliza.

"Kila mutu anajua," akanijibu.

Mimi pale kivukoni nikawa natazama nyuso. Msafara ukiingia, natazama sura zote, wakikaa kupumzika natazama tena. Wapagazi walianza kuniita Mzee wa Kuhesabu Pua. Sawa tu. Mwavita alikuwa ananiuliza kila nikirudi nyumbani, na kila mara nilikuwa na jibu lile lile.

Mvua zilipokatika, mpagazi mmoja aliyekuwa na vidonda miguuni alikaa mbele ya chumvi yangu. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote: mtu wa mkono wa kushoto, anacheka kabla ya kusema.

"Amisi?" akasema. "Amisi tulikuwa naye kule juu. Walituachilia Kibombo, yeye akatangulia. Alikuwa anaumwa kifua lakini anatembea. Alisema anaenda kwao, mama yake iko anangojea."

"Lini alitangulia?"

Alipoonyesha kwa vidole, nilihesabu. Nikahesabu tena. Alikuwa amekwisha kupita siku nyingi. Mimi siku hizo nilikuwa ng'ambo ya mto, nimeenda Kailo kutafuta mpunga. Na kwa Ngelo, ambako sasa tuliingia kwa kichochoro kipya cha nyuma, nilikuwa nimetoka majuzi tu, na hakukuwa na Amisi.

Sikumwambia Mwavita. Nilifunga chumvi yangu, nikashika barabara kupanda.

Pale kambini kwenye kona, kuna mama anayepikia wapagazi, Mama Sikuzani. Si mtu wa kwa Ngelo, aliletwa na Serikali kutoka upande wa Tunda. Anasema na kila mtu kama anamgombeza.

Nikamuuliza kuhusu mtu wa mkono wa kushoto.

"Yule wa kucheka? Alifika hapa, hapana cheka." Akaendelea kutwanga pondu yake ya majani ya mihogo. "Wapagazi walikuwa wamemwambia Kibombo kwamba kwao wamekufa wote. Hakusadiki. Alisema uongo, watu wa barabara wanapenda uongo. Akaenda kuangalia mwenyewe pale kwenye majani."

"Akaingia?"

"Angeingia namna gani? Majani iko."

Mchi ukasimama.

"Alikaa pale chini tangu jua la katikati mpaka linashuka. Nilimpelekea mihogo, hakukula. Alikuwa anashikashika zile kamba. Nikamuuliza, we baba, unatafuta nini? Akasema, 'Mama, hii njo fundo ya mama yangu. Alifunga yeye mwenyewe. Hakutaka niingie nikufe.' Halafu akasema, 'Hata kwa ugonjwa wake alinifikiri.'"

Nikautua mzigo wangu wa chumvi.

"Kisha akaniomba panga. Akakata tawi, akalifunga juu ya mengine, akanirudishia panga yangu, akasema asante. Akaenda Kindu. Muntu wa adabu sana. Ni ndugu yako?"

Nikaenda kwenye majani.

Lilikuwa juu kabisa. Mengine yote yalikuwa kahawia, lile lilikuwa bado na ukijani kwenye mshipa. Kamba imezungushwa, imezungushwa tena, ncha imefichwa ndani. Fundo limelala upande mwingine.

Wakuu, mtu yule alikuwa karibu na nyumba yao kiasi kwamba mama yake angepiga kelele angesikia. Lakini kijiji kile kilikuwa kimejifunza kutopiga kelele.

Na yeye alifanya lile alilofundishwa. Aliongeza tawi lake, ili anayekuja nyuma asipate madhara.

Nilikata lile fundo pamoja na kipande cha tawi nikaingia nalo kijijini.

Mama Amisi alikuwa anaanika mihogo. Nilikaa nikampa mgongo. Mwavita hakuwepo kukaa katikati, ikabidi niseme na hewa. Nikasema yote, kama alivyosema Mama Sikuzani, bila kupunguza. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamani kupunguza kitu nikashindwa.

Kisha nikaliweka tawi nyuma yangu, chini, nikalisukuma kwa mkono.

Nilisikia analiokota. Nilisikia vidole vyake vinapita juu ya kamba.

"Lilikuwa bichi ao kavu?" akauliza.

"Lilikuwa linaanza kukauka, mama."

"Basi Amisi iko mbali."

Akasimama. Sikugeuka, lakini niliona kivuli chake kinachukua panga.

Alikwenda kwenye njia mchana kweupe, akaanza kubomoa. Watu wote walimfuata. Mukubwa wa kijiji alimshika mkono.

"Mama, unatuua! Kapita ataona!"

"Aone."

"Wote tutabeba mizigo!"

"Mulinisaidia kufunga. Kama hamutaki kunisaidia kufungua, mukae kando."

Hakuna aliyemsaidia. Hakuna aliyemzuia. Alibomoa peke yake mpaka chini, akafagia hata majani makavu, akabaki amesimama kwenye njia tupu anatazama barabara.

Sitawachosha na yaliyofuata, nyote mmeyaona kwenu. Kapita alikuja. Shavu lake bado laini. Hakupiga mtu siku ile, alikuwa na kazi nyingi za kugawa. Kwa Ngelo kukahamishwa kukaletwa barabarani. Wengi walitoroka, wengine wako msituni nyuma ya Tunda. Waliobaki wanabeba na kulisha. Wako wanaomlaani Mama Amisi, na sina hoja ya kuwapinga. Wako wanaosema barabara ingewapata tu, na hao nao sina hoja ya kuwaunga mkono.

Yeye mwenyewe aliomba kazi ambayo wanawake wengine wanaikimbia. Anapika kambini pamoja na Mama Sikuzani. Mpagazi akinyoosha mkono kupokea mihogo, Mama Amisi hampi kwanza. Anamtazama uso. Akishamtazama anampa, na anamwambia maneno yale yale: "Kwa Ngelo njia iko wazi. Ukikutana na Amisi, umwambie."

Wapagazi wanadhani amechanganyikiwa. Wanachukua mihogo wanasema ndiyo, mama.

Nilichojifunza? Barabara tuliikataa kwa akili zetu zote, na akili ile ndiyo iliyotukanyaga. Tulimdanganya kapita, mgeni asiyejua majani, na aliyesadiki kabisa ni mtoto wetu anayeyajua. Siku hizi nikiona tawi njiani nalizunguka kama kawaida. Ila nasimama kwanza, naita. Nanyi mkiweza, iteni. Sauti haiambukizi.

Sasa ndugu zangu wa Kirundu, nawageukia nyinyi.

Wagenya wa kivuko walinithibitishia kwamba mtu wa mkono wa kushoto, anayekohoa, aliomba nafasi mtumbwini na kulipia kwa kupiga kasia. Walimshusha kwenu. Alisema anatafuta kazi yoyote mahali ambapo hakuna anayemjua. Baada ya hapo sijui.

Mwenye kumjua asinifiche, hata kama habari ni mbaya. Kama amezikwa, niandikieni ni wapi, mama yake atataka kujua kama kaburi lina mti wa kivuli. Kama yu hai na hataki kusikia neno lolote la kwao, msibishane naye. Mpeni kipande cha tawi nilichofunga ndani ya karatasi hii. Ni cha mama yake, kimefungwa wiki hii, bado kibichi. Wafu hawafungi kamba. Hata kikikauka njiani, fundo atalijua mwenyewe ni la nani.

Na mumwambie majani hayapo tena. Nimekwenda kuangalia mara mbili.